Muda Tunaopewa na Haidrojeni

Transfoma nyingi hazifi ghafla. Sisi ndio tunaogundua ghafla. Kwa anayekaa Hewa Bora, katika komini ya Kampemba mjini Lubumbashi, habari huja kwa mlio mmoja, kisha giza, kisha majirani kutoka nje kuulizana: ni delestaji, au transfo imeungua? Kama ni delestaji, yaani mgao wa umeme, umeme utarudi. Kama ni transfo, mtaa unaanza hesabu nyingine kabisa: vikao, michango ya nyumba kwa nyumba, safari za ofisini, na majuma ya mishumaa. Lakini ndani ya lile tangi la chuma, mara nyingi shida ilikwisha kuanza majuma au miezi kabla ya mlio. Mafuta yalikuwa yanavunjika kidogo kidogo, na yalipovunjika yalitoa gesi. Gesi inayojitokeza mapema kuliko zote, karibu katika kila aina ya hitilafu, ni haidrojeni.

Leo kuna njia ya kuikamata gesi hiyo kwa mwanga unaopita ndani ya uzi wa kioo, mwembamba karibu kama unywele. Vihisi hivi vinasifiwa sana katika maandiko ya miradi ya nishati, na sifa nyingi ni za haki. Ninachotaka kukisema hapa ni kimoja. Kihisi hakizimi moto wala hakikazi boliti. Kinachonunuliwa ni muda: miezi kwa transfoma, dakika au saa chache kwa chumba cha betri. Mradi ambao haukupanga nani atautumia muda huo, na atautumia kufanya nini, umenunua kifaa na kuacha faida yake dukani.

Gesi inayotangulia

Mafuta ya transfoma hufanya kazi mbili: kupoza nyaya na kuuzuia umeme usiruke kutoka waya hadi waya. Ni minyororo ya kaboni na haidrojeni. Joto likizidi, au vicheche vidogo visivyoonekana vikianza kutokea mahali kihami kilipochoka, minyororo hiyo hukatika, na haidrojeni, iliyo nyepesi kuliko zote, huachiliwa. Vicheche hafifu hutoa haidrojeni kwa wingi kuliko gesi nyingine. Mafuta yakipata joto kali, ethilini huongezeka. Umeme ukiruka kwa nguvu, asetilini hutokea. Karatasi ya kuhami ikianza kuungua, zinakuja gesi za kaboni. Kwa hiyo fundi anayejua kuzisoma gesi hizi anaweza kusema ni ugonjwa gani uliomo ndani bila kulifungua tangi.

Elimu hii si ngeni. Mwaka 1921 Mjerumani Max Buchholz alibuni kifaa kinachokusanya mapovu ya gesi juu ya transfoma na kukata umeme yanapozidi. Kinatumika hadi leo na kinaitwa kwa jina lake. Baadaye ikaja desturi ya kuchota mafuta kwa bomba la sindano na kuyapeleka maabara. Mwongozo wa mwaka 2008 wa IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme, uliweka ngazi: haidrojeni iliyoyeyuka isiyozidi sehemu 100 kwa milioni ilihesabiwa kuwa hali ya kawaida; ikipita 1,800, kuendelea kuitumia transfoma hiyo kulionekana kuwa hatari. Kati ya 100 na 1,800 ndipo muda ninaouzungumzia unapokaa. Humo mzigo unaweza kupunguzwa, mafuta kusafishwa, kifaa kuzimwa siku iliyochaguliwa na watu badala ya siku iliyochaguliwa na moto.

Ugumu wa sampuli ni kwamba inasema habari za siku ilipochotwa. Ikichukuliwa Januari na nyingine Desemba, lolote linaweza kutokea katikati. Hapo ndipo kihisi kinachokaa ndani ya mafuta usiku na mchana kinapopata kazi.

Chumba cha betri

Haidrojeni haikai kwenye transfoma tu. Umeme unapokatika mara kwa mara, betri hujaa mjini: kwenye minara ya simu, hospitali, maduka, na majumbani pembeni ya invata. Betri za risasi na asidi zikishajaa na bado zikaendelea kuchajiwa, umeme unaoingia hugawanya maji kuwa haidrojeni na oksijeni.

Hesabu yake inafaa kila mwenye betri aijue. Kila ampea moja inayoingia kwa saa moja baada ya betri kujaa hutoa karibu lita 0.42 za haidrojeni katika kila seli. Betri ya volti 12 ina seli 6. Ukiunganisha betri 4 kupata volti 48, una seli 24. Chaji ikiharibika na kuendelea kusukuma ampea 10, kila saa zitatoka lita 100 hivi. Chumba cha mita 2 kwa 2, chenye kimo cha mita 2.5, kina lita 10,000 za hewa. Haidrojeni huanza kushika moto inapofika asilimia 4 ya hewa, yaani lita 400 katika chumba hicho. Kikiwa kimefungwa kabisa, saa 4 zinatosha. Tena gesi hii hupanda na kujikusanya chini ya dari, kwa hiyo huko juu kiwango cha hatari hufikiwa mapema zaidi. Haina rangi, haina harufu, na cheche ndogo mno kuliko inayohitajika kwa petroli huiwasha. Hata swichi ya taa yatosha.

Dawa ya chumba kama hicho si nyuzi za kioo. Ni tundu moja chini ya ukuta na jingine juu karibu na dari, ili hewa iingie na gesi itoke. Ni chaji inayojua kuacha. Na ni kutolala katika chumba chenye betri. Nalisema hili wazi kwa sababu miradi mingi hukosea hapa mapema: hupeleka kifaa cha thamani mahali ambapo tofali moja likitolewa lingemaliza kazi. Kwenye majengo makubwa yenye mamia ya betri, ambako feni inaweza kuzimika bila mtu kujua, kihisi kina nafasi yake. Nyumbani Hewa Bora, tundu kwanza.

Uzi wa kioo na chuma kinachokunywa gesi

Mwaka 1866 mkemia wa Uskoti, Thomas Graham, alionyesha kwamba chuma cha paladiamu hunyonya haidrojeni mamia ya mara ya ujazo wake. Kinapoinyonya huvimba, na jinsi kinavyorudisha mwanga hubadilika. Gesi ikiondoka, chuma hurudi karibu na hali yake. Mwaka 1984 M. A. Butler, mtafiti wa maabara za Sandia nchini Marekani, alichapisha kazi iliyounganisha jambo hilo na uzi wa mwanga: aliupaka uzi paladiamu, na paladiamu ilipovimba uzi ukanyooka kidogo, na mwanga ukaonyesha badiliko hilo.

Njia inayotumika sana leo hutegemea mistari midogo iliyochorwa ndani ya kiini cha uzi. Mistari hii hurudisha rangi moja tu ya mwanga na kuziachia nyingine zipite. Uzi ukivutwa na paladiamu, nafasi kati ya mistari hupanuka, na rangi inayorudi husogea. Mashine iliyo mbali, pengine kilomita kadhaa, hupima msogeo huo na kusema kuna haidrojeni kiasi gani. Uzi mmoja unaweza kubeba vituo vingi, kila kimoja na rangi yake.

Faida kubwa iko kwenye kioo chenyewe. Hakipitishi umeme, kwa hiyo hakiwezi kuleta cheche kwenye gesi, wala hakisumbuliwi na nguvu za sumaku zinazozunguka nyaya za maelfu ya volti. Kihisi cha waya wa shaba ndani ya transfoma kubwa ni mgeni wa hatari. Cha kioo kinakaa salama.

Na hapa Lubumbashi inaingia kwa njia ambayo wengi hawaijui. Ugunduzi wa mistari hiyo, uliofanywa na Kenneth Hill na wenzake nchini Kanada mwaka 1978, ulitokea kwenye uzi ambao kiini chake kilichanganywa na jerimaniamu. Hadi leo jerimaniamu ndiyo inayotiwa katika kiini cha nyuzi nyingi za mwanga, ili mwanga ubaki ndani. Ule mlima mweusi wa mabaki ya kiwanda cha kuyeyusha shaba, unaoonekana karibu na bomba kubwa la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, una jerimaniamu ndani yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mabaki hayo yaliyeyushwa ili kupata aloi ya kobalti na shaba, iliyosafirishwa hadi Kokkola nchini Ufini. Mwaka 2024 STL, kampuni tanzu ya Gécamines, ilifanya mapatano na Umicore ya Ubelgiji, na Oktoba mwaka huohuo ikatangazwa kwamba shehena ya kwanza ya makinikia ya jerimaniamu imesafirishwa.

Kwa hiyo huu si ufundi wa watu wengine ambao sisi tunausoma kwa mbali. Malighafi yake inatoka kwenye mlima ambao watoto wa Lubumbashi wamekua wakiuona. Jerimaniamu inaondoka kwa mapatano, ratiba na wanunuzi wanaojulikana. Ninatamani safari ya kurudi, ya uzi na elimu yake hadi kwenye vituo vyetu vya umeme, ipangwe kwa umakini uleule.

Ramani na ardhi

Katanga, eneo letu hili, inao mfano mkubwa wa mradi ulioandikwa vizuri na kukutana na ardhi. Njia ya umeme kutoka mabwawa ya Inga hadi mji wa migodi wa Kolwezi, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi na msongo wa volti 500,000 kila upande, ilipangwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kukamilika mwaka 1982, ikiwa imechelewa na imegharimu zaidi sana ya makadirio. Wakati huo ilikuwa ndefu kuliko zote duniani. Ilijengwa kwa ajili ya shaba ambayo ingeongezeka mwaka hadi mwaka. Shaba haikufuata karatasi. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka, na uzalishaji wa Gécamines, uliokuwa umepita tani 450,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ukashuka chini ya tani 50,000 katika miaka michache.

Lakini somo ninalolishika zaidi liko chini ya nyaya. Vijiji ambavyo minara ilisimama mashambani mwao havikupata umeme wake. Vipande vya chuma vya minara vikawa vinafunguliwa na kuchukuliwa. Wahandisi waliweka vifaa vya kulinda njia kwenye ncha zake mbili, Inga na Kolwezi. Katikati, kilomita kwa kilomita, waliokuwa na macho ya kuona mnara ukilegea ni wanakijiji, na mradi haukuwapa sababu ya kuujali wala mahali pa kupeleka habari. Mtu ambaye taa yake inategemea mnara angekuwa mlinzi wake bila mshahara.

Kituo cha kufua umeme cha Mwadingusha, kwenye mto Lufira, kinaonyesha upande wa pili. Kilianza mwaka 1930 na kuchakaa kwa miongo. Mwaka 2021 mitambo mipya ilikamilika na uwezo wa megawati 78 ukarudi, kwa ushirikiano wa SNEL, shirika la umeme la taifa, na kampuni ya mgodi wa Kamoa-Kakula. Palikuwa na mtumiaji aliyeihitaji kila megawati kila siku. Mitambo ikitoa onyo mahali kama pale, kuna mtu anayepata hasara kwa kulipuuza, na mtu huyo ana uwezo wa kuchukua hatua.

Sasa tuufikirie mradi wa vihisi vya haidrojeni ukija Lubumbashi. Ardhi itauliza maswali yake mara moja. Juni na Julai usiku huwa wa baridi kali. Oktoba mchana ni joto la kuchosha. Uzi ule unaovutwa na paladiamu huvutwa pia na joto, kwa hiyo pasipo kihisi cha pili cha kupima joto peke yake, mabadiliko ya majira yatasomeka kama gesi. Paladiamu huchafuliwa na misombo ya salfa, nao mji huu umeishi na moshi wa kuyeyusha madini tangu 1911. Kwa hiyo lazima kuwe na utando wa kukilinda kihisi. Paladiamu tupu ikinyonya na kuachia mara nyingi hupasuka na kubanduka. Ndiyo maana huchanganywa na fedha au dhahabu. Hata uzi wenyewe hufifia haidrojeni ikiuingia, jambo ambalo kampuni za nyaya za baharini zililigundua mwanzoni mwa miaka ya 1980. Na mashine ya kusoma mwanga inahitaji umeme. Mji wenye delestaji unapaswa kuipa betri yake, na betri hiyo nayo inahitaji tundu karibu na dari.

Maswali haya yote yana majibu ya kiufundi, na majibu hayo yananunulika. Swali gumu zaidi halina duka: saa nane za usiku kipimo kikipanda kutoka sehemu 150 hadi 600 kwa milioni, nani anaona? Ana simu yenye salio? Ana idhini ya kupunguza mzigo bila kumwamsha mkubwa wake, na mkubwa naye mkubwa wake? Akipunguza mzigo, nani atawaambia watu wa mtaa kwamba giza la leo linawaepusha na giza la miezi?

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mama aliyeanika mihogo ya bukari, ugali wetu, hapati faida yoyote kwa kuyaona mawingu; anapata faida kwa kuwa na mikono ya kuianua na paa la kuiweka. Miradi yetu mingi imenunua macho ya kutazama mawingu.

Hata nchi zenye kila kifaa hukumbana na ukweli huu. Tarehe 10 Juni 2019 kituo cha kujazia magari haidrojeni huko Sandvika, karibu na Oslo nchini Norwei, kililipuka. Uchunguzi ulikuta kwamba kizibo cha tangi moja la gesi ya shinikizo kubwa hakikuunganishwa ipasavyo. Boliti hazikukazwa inavyotakiwa. Baada ya hapo, njia ya kukagua ukazaji wa boliti ilibadilishwa. Kihisi hakichukui nafasi ya mkono makini, na mkono makini huhitaji mafunzo, muda na ukaguzi.

Kuupanga mradi kuanzia mwisho

Ningependa miradi hii ipangwe kwa kurudi nyuma, kuanzia mtu wa mwisho. Kwanza liandikwe jina la cheo, siyo la idara: ni nani anayepokea onyo, na ana mamlaka gani ya kutenda peke yake. Kisha iandikwe atakachofanya katika kila ngazi ya gesi: kupima tena, kupunguza mzigo, kuchota sampuli, kuzima. Kisha vifaa vya kutendea: mafuta, karatasi, vipuri, gari lenye petroli. Kihisi kije mwishoni mwa orodha, kikiwa kimekwisha kuandaliwa mahali pa kufanyia kazi.

Tukianza hivyo, tutaona pia mahali kinapostahili kukaa. Transfoma ndogo ya mtaani haihitaji mashine ya mwanga. Inahitaji mzigo usiozidi uwezo wake, mafuta yasiyovuja, na mtu wa kuipima kwa ratiba. Transfoma kubwa za vituo vinavyoulisha mji, na zile za kituo cha kubadili umeme huko Kolwezi, ni jambo jingine. Moja ikiungua, mpya haipatikani dukani. Hutengenezwa kwa oda na kusafirishwa kutoka mbali, na maelfu ya nyumba husubiri. Hapo miezi ya onyo ni mali kubwa. Viwanda vya kobalti vinavyotumia umeme kukitoa chuma kwenye maji ya asidi navyo vinastahili, kwa sababu haidrojeni hutoka pamoja na kobalti juu ya bamba lilelile.

Pia mtaa uwekwe ndani ya mpango. Wakaaji wa Hewa Bora hawaoni haidrojeni, lakini wanasikia mvumo wa transfoma ukibadilika, wanaona mafuta yakidondoka chini ya kabini, wanajua ni nyumba ngapi zimeunganishwa mwaka huu. Mitaa mingi ya miji ya Kongo imechangia fedha zake kununua nyaya na transfoma. Aliyechangia ana haki ya kupewa namba ya kupiga simu, na haki ya kujibiwa. Habari yake itunzwe katika daftari lilelile linalotunza vipimo vya mashine.

Na vijana wafundishwe hapa. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha uhandisi, na mji una mafundi ambao mikono yao imefufua mashine zilizokwisha kuhesabiwa kuwa chuma chakavu. Kupima gesi ya mafuta, kuunga nyuzi za kioo, kuhakiki kihisi kwa gesi ya kiwango kinachojulikana: hizi ni kazi zinazofundishika. Mradi unaomleta mtaalamu kwa ndege kila kipimo kinapoyumba utaishi hadi bajeti ya tiketi iishe.

Mkongo mmoja kati ya watano hivi ndiye mwenye umeme nyumbani. Katika nchi hiyo, kila transfoma iliyookolewa ni watu wasiorudishwa gizani baada ya kungoja kwa miaka. Kwa hiyo mradi wa aina hii utakapowasilishwa, kabla ya kuuliza kihisi kinasoma hadi sehemu ngapi kwa milioni, tuuombe ukurasa unaosema nani ataamka usiku, atafanya nini, na kwa vifaa gani. Ukurasa huo ukiwepo, umejazwa na kusainiwa, tununue vihisi hata kesho. Ukikosekana, fedha zianze na mafundi, sampuli za mafuta na vipuri. Vihisi vitakuja watakapokuwepo wa kuvisikiliza.